Lita 55 za Bahari Kamatanda

Katika mwaka wetu wa tatu mwalimu aliandika ubaoni maneno manne: kupwa, kujaa, bamvua, maji mafu. Akauliza nani anayajua. Tulikuwa wanafunzi 18, wengi wetu tumelelewa katika Kiswahili tangu utotoni, na hakuna aliyeinua mkono. Mimi nilikuwa nimeyasoma kamusini. Nilijua kwamba maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba maji mafu ni zile siku za katikati ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Lakini nilinyamaza, maana kama angeniuliza "Umeona?" ningejibu hapana.

Ninatoka Kamatanda, Likasi. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka kwetu hadi Lobito, bahari ya magharibi, utapata zaidi ya kilomita 1,400. Ukichora mwingine hadi Dar es Salaam, bahari ya mashariki, utapata karibu umbali uleule. Jina la lugha yangu linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, na mimi nimeisema miaka 24 nikiwa mahali ambapo bahari zote mbili ziko mbali sawasawa. Mwaka huu, nilipokuwa nyumbani nikikusanya maneno ya mafundi kwa ajili ya tasnifu, nikaamua kwamba kama siwezi kwenda baharini, nitatengeneza bahari ndogo sebuleni kwa baba. Nilikuwa na dola chache nilizolipwa kwa kunukuu mahojiano. Nilikuwa pia na yaya wangu, kaka yetu mkubwa, ambaye huendesha lori kati ya Kasumbalesa na Dar es Salaam.

Watu wanaofuga viumbe wa baharini wana orodha yao ya vifaa. Niliipata kwa Kifaransa, nikaitafsiri kwa Kiswahili ili niweze kuongea na mafundi wa mjini. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kutafsiri. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kujua kipi katika orodha ile kinafaa Kamatanda na kipi kiliandikiwa mtu mwingine.

Nilianza na tangi. Wanaojua wanasema anayeanza achague tangi kubwa, kwa sababu maji mengi hubadilika polepole na humpa mtu nafasi ya kurekebisha kosa. Ni kweli, lakini maji mengi ni chumvi nyingi, na chumvi ndiyo ghali. Nilimwomba fundi vioo anikatie kioo cha milimita 6, tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Ukitoa nafasi ya mchanga, mawe na ukingo wa juu, linabeba lita 55 za maji. Kwa pamoja ni karibu kilo 80, kwa hiyo baba aliimarisha meza kwanza na kuipima kama imelala sawa, maana kioo kilichobebeshwa uzito upande mmoja hupasuka. Fundi alitaka kuunganisha vioo kwa silikoni aliyokuwa nayo, ile ya bafuni. Nilikataa. Silikoni nyingi za bafuni huwa zimetiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa inayoua ukungu haitachagua. Tulitafuta silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka.

Kisha maji. Hapa orodha ilitaja mashine ya kuchuja inayosukuma maji kwenye utando mwembamba. Mashine hiyo inahitaji maji ya bomba yenye nguvu, na kwa kila lita moja safi humwaga lita kadhaa. Kwetu maji ya bomba huja yanapotaka, na maji ya kisima yanapita katika ardhi ambayo watu wanaichimba kutafuta shaba na kobalti. Shaba ndilo jambo nililoonywa kuliko yote. Konokono, kamba, kaa na matumbawe hawaistahimili hata ikiwa kidogo sana. Kwa kuwa huua konokono, salfati ya shaba iliwahi kutumika kuangamiza konokono wa maji matamu wanaoeneza kichocho. Basi nilisubiri mvua za mwezi wa pili. Sikukinga maji ya batini, kwa sababu bati lina zinki na vumbi la mji. Nilitandaza nailoni mpya uani, nikaacha mvua ipige saa nzima kwanza, halafu nikakinga katika ndoo za plastiki.

Chumvi ilileta mabishano nyumbani. Nkambo, mama yake baba, aliona mfuko nilioagiza Lubumbashi akauliza bei. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa chini. "Munyu iko Mwashya, na weye unanunua munyu na dolare?" Mwashya iko upande wa mto Lufira, na chemchemi zake za chumvi zimewapa watu wa huku munyu tangu zamani za mababu. Nkambo anaukumbuka munyu wake tangu utoto. Ilibidi nimweleze kwamba bahari haina munyu wa kupikia peke yake. Katika kila lita ya maji ya bahari kuna gramu 35 hivi za chumvi za aina nyingi. Nyingi kati yake ni ile ya jikoni, lakini kuna magnesi, kalsi, potasi na nyinginezo, na konokono hujenga gamba lake kwa kalsi hiyo. Maji ya chemchemi yana mchanganyiko wake, bahari ina wake.

Nkambo hakushawishika, na alikuwa na sababu. Aliniambia kwamba Mwashya wamo samaki katika maji ya chumvi. Nilitafuta, nikakuta ni kweli: yuko samaki wa jamii ya tilapia aitwaye Oreochromis salinicola, aliyeelezwa kisayansi na Mbelgiji Max Poll mwaka 1948, na kwao ni huko Mwashya. Kwa siku mbili nilifikiri kumtafuta huyo badala ya mnyama wa mbali. Niliacha. Samaki ambaye nyumba yake ni chemchemi chache si wa kufanyiwa majaribio na mtu ambaye hajajua kuyashika maji. Lakini nilimwambia nkambo kwamba amenifundisha kitu ambacho hakikuwa katika orodha yangu, naye akaanza kulipitia tangi kila asubuhi kama mwenye mali.

Kifaa kidogo nilichokipenda kilikuwa kijiti cha kioo kinachoelea, cha kupimia chumvi. Katika maji ya bahari husimama kwenye 1.025. Nilijifunza kwa kijiti hicho kwamba maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki. Hubaki na kuongezeka ukali. Kwa hiyo kila siku unaongeza maji ya mvua matupu, si ya chumvi. Nilikosea siku tatu za kwanza, kijiti kikapanda hadi 1.029 kabla sijaelewa.

Umeme ulinilazimisha kubadilisha nusu ya orodha. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji matamu, karibu sehemu moja kwa tano. Juu ya hayo, Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na oksijeni inayoingia majini hupungua tena karibu sehemu moja kwa saba. Mtu wa Mombasa anaweza kukaa saa kadhaa bila pampu asione neno. Mimi nina nafasi ndogo kuliko yeye, na umeme wetu hukatika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa hiyo niliacha mashine ya kutoa povu la uchafu, ambayo tangi dogo linaweza kuishi bila yake ukibadilisha maji kidogo kila wiki. Fedha hiyo niliiweka kwenye pampu mbili za hewa: moja ya umeme, na moja ya betri za tochi, ile ambayo wavuvi wa chambo hutumia. Hita nilichukua ya wati 50, kwa kuwa usiku wa mwezi wa sita kwetu ni baridi kweli, na nikashona blanketi la kulifunika tangi umeme ukiondoka.

Kifaa cha mwisho hakiuzwi. Ni wiki zile za kusubiri bila mnyama yeyote. Uchafu wa viumbe hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Bakteria wa pili huigeuza kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao hukaa katika mawe, mchanga na kichujio, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Nilitia chembe za chakula cha samaki ndani ya tangi tupu, nikapima, nikasubiri. Majirani walikuja kutazama maji yasiyo na kitu. Nkambo aliwaambia, "Bado hayajakomaa." Nililiandika neno lake. Sikuwa nimepata neno zuri kama hilo kwa jambo hilo katika lugha yoyote.

Yaya alifika mwezi wa nne. Nilikuwa nimemwomba asilete samaki, kwa kuwa samaki hangefika. Alileta konokono 12 wa miamba ya ufukweni, wale ambao maji yanapokupwa hubaki juu ya jiwe kavu, hujifunga mlango na kungoja maji yarudi. Aliwabeba katika kitambaa chenye maji ya bahari, ndani ya ndoo, nyuma ya kiti chake, siku tisa: Mbeya, Tunduma, nchi yote ya Zambia, Kasumbalesa. Kabla ya kuwatoa, alichovya kidole katika tangi langu akaonja. Yeye peke yake katika nyumba yetu anaijua bahari. Alitulia kidogo, akasema, "Iko yenyewe."

Niliwazoesha maji kwa saa mbili, nikawaweka juu ya mawe. Mmoja alifungua mlango, akatoa pembe zake mbili. Kufikia jioni walikuwa wanapanda kioo. Walipita mstari wa maji, wakatoka nje kabisa, wakakaa hewani wameshikilia kioo kikavu. Baadaye usiku baadhi yao walishuka. Nilikaa na tochi hadi saa nane. Tangi langu halikuwa na kupwa wala kujaa, lakini wao walikuwa wamekuja na maneno yale miilini.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kila wiki nilibadilisha lita tano kwa mpira wa plastiki, nikivuta kwa mdomo mpaka maji yashuke. Nilichoka kumeza maji ya chumvi. Nikaamua kufunga robineti ndogo kwenye mpira, ili ukae tangini wakati wote na nifungue tu. Sokoni nilikuta robineti ya kung'aa, ya njano. Nilikuwa mwangalifu. Nilimwuliza muuzaji, "Yaya, iyi iko na shaba?"

Aliigeuza mkononi, akanitazama kama mtu aliyetukanwa bidhaa yake. "Apana. Iyi ni letoni."

Letoni ndivyo tunavyolitamka neno la Kifaransa la ule madini wa njano wa mabomba na vitasa. Nilinunua. Nilirudi nyumbani nikaifunga upande wa ndani, ikiwa imezama majini.

Siku ya pili konokono hawakupanda kioo. Siku ya tatu wawili walikuwa wamelala chini, milango wazi, na nilipowagusa hawakujifunga. Nilipima amonia: hakuna. Nilipima chumvi: 1.025. Joto lilikuwa sawa. Siku ya tano walikuwa wamekufa tisa, na maji yalikuwa yameanza kunuka. Nilimwita baba, si kwa kuwa anajua konokono, bali kwa kuwa sikutaka kuwa peke yangu mbele ya tangi lile.

Baba alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha Shituru, mahali ambapo shaba husafishwa kwa umeme katika mabirika ya asidi. Hakuwatazama konokono. Aliingiza mkono, akaitoa robineti, akaipeleka dirishani. Kwenye shingo yake kulikuwa na utando wa kijani.

"Rangi iyi naijua," alisema. "Ni mukuba."

"Muuzaji alisema ni letoni."

"Ni letoni. Letoni njo mukuba na zinki."

Hakusema zaidi. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mshahara wa shaba ndio ulionilipia shule, na mimi ndiye niliyetakiwa kujua maneno.

Nilihamisha watatu waliobaki katika ndoo ya maji mapya, na pampu ya betri. Nilimwaga lita zote 55. Nilitupa mchanga na mawe, kwa sababu shaba hushika humo na kutoka tena polepole. Wiki sita za kukomaa zilikwenda nazo.

Usiku ule nilifungua sanduku la kadi zangu za tasnifu. Kadi ya neno "shaba" nilikuwa nimeiandika mwezi wa kwanza, haraka, kwa kuwa niliona haina tatizo. Ni neno la wote. Mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997. Nilichukua kamusi nikasoma tena, safari hii taratibu. Katika Kiswahili cha pwani shaba ni neno pana. Iko shaba nyekundu, na ziko shaba za rangi nyingine, pamoja na ile ya vitasa na mabomba. Muuzaji wa pwani, akiulizwa swali langu juu ya robineti ya njano, pengine angejibu bila kufikiri: ndiyo, ni shaba. Lakini huku tunakaa juu ya madini yenyewe. Wazee wetu waliiyeyusha wakaimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa fedha. Mtu wa Likasi anaijua shaba inapokuwa jiwe la kijani, inapokuwa bamba jekundu, na anajua inapochanganywa haiuzwi tena kwa jina lile. Muuzaji hakunidanganya. Alijibu kwa usahihi wa mji wake. Mimi niliuliza kwa maana moja, nikajibiwa kwa maana nyingine, na sikusikia tofauti kwa sababu neno lilikuwa lilelile na lilikuwa langu.

Katika masomo yetu tunapenda kusema kwamba Kiswahili cha pwani kina utajiri ambao chetu hakina. Tunasema hivyo kwa maneno kama bamvua. Hapa mambo yalikuwa kinyume: neno letu lilikuwa kali kuliko la kamusi, na ukali huo ndio ulionipoteza, kwa kuwa sikuuheshimu vya kutosha kuuchunguza. Niliingia sokoni na orodha iliyotafsiriwa nikadhani nimemaliza kazi ya lugha nyumbani.

Kwa mwenzangu wa bara anayetaka kuanza, nitasema hivi. Anza na maji, ujue yalikopita. Kisha umeme, ujue hukatika saa ngapi, na uweke pampu ya betri kabla hujafikiria taa nzuri. Chumvi nunua ya bahari, na kijiti cha kuipimia. Subiri maji yakomae. Chochote kinachogusa maji kiwe kioo, plastiki au silikoni tupu. Na sokoni usiulize kama kifaa kina shaba. Uliza kimetengenezwa kwa nini, kisha uliza hicho nacho kinatengenezwa kwa nini.

Kadi niliiandika upya. Juu nimeweka maana ya kamusi, chini maana ya Likasi, na chini zaidi jibu la muuzaji kama alivyolitamka, pamoja na maneno ya baba. Imekuwa kadi ndefu kuliko zote sandukuni.

Konokono watatu bado wako katika ndoo, jikoni kwa nkambo, na mawe mapya yana wiki ya nne tangini. Juzi yaya alipiga simu kutoka Dar es Salaam akauliza alete wangapi. Nilimwambia asilete yeyote kwanza. Nkambo alisikia akaitikia kutoka jikoni kwamba ndiyo, bado hayajakomaa.